TV Chogo na Kitambaa Chake: Historia ya Jumapili za Kushinda Ndani

Ukifungua Instagram Jumapili mchana lazima ukutane naye. Dada yuko geto, kavaa dera, nyuzi za rangi tatu zimezagaa kitandani, anafuma kablauzi ka krosheti. Simu ameiegemeza kwenye kikombe, inacheza tamthilia ya zamani. Chini ameandika kwamba leo hatoki, anatulia. Watu wanamwaga makopakopa utadhani kitu chenyewe kimegunduliwa juzi.

Kwa taarifa yako, hiyo siku ina umri mkubwa kuliko huyo dada. Ina historia ndani yake ya siasa, vita, uhaba wa sabuni na ada za shule. Na watu walioianzisha hawakuwa wanapumzika.

Twende visiwani kwanza, maana ndiko picha zilikoanzia. Kenya walikuwa na televisheni toka 1962, Uganda 1963, ila zote nyeusi na nyeupe. Zanzibar ilikuja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini ilipokuja ikaruka hatua: TVZ ilianza na rangi moja kwa moja, kitu ambacho kusini mwa Sahara kilikuwa bado hakijaonekana. Mzee Karume aliyeutaka mradi ule hakuwahi kuuona ukiwaka, aliuawa Aprili 1972. Seti ziliwekwa sehemu za wazi ili watu wakusanyike watazame pamoja. Kwa hiyo TV pale haikuanza kama kitu cha sebuleni. Ilianza kama kitu cha barazani, unaenda na kanzu yako na kahawa yako.

Ndani ya nyumba kazi ilikuwa nyingine. Kofia za viua zinazovaliwa na wanaume huko barazani zilishonwa kwa mkono, tundu moja baada ya jingine, na kofia nzuri inaweza kula wiki nyingi kabla haijaenda kwa mnunuzi. Ukili ulisukwa, mikeka ikashonwa. Mtu anamaliza kupika, anakaa chini, mikono haitulii.

Sasa huku Bara ndiyo kichekesho. Jamhuri moja, bendera moja, upande mmoja una TV ya rangi, upande wa pili hauna hata chenga. Na hali ilibaki hivyo miaka kama 20! Haikuwa bahati mbaya, ulikuwa uamuzi. Serikali ya Mwalimu iliona televisheni ni anasa ya watu wachache wa mjini wakati vijijini watu hawana maji, hawana zahanati, na redio inamfikia kila mtu kwa bei ya betri. Unaweza kubishana na uamuzi ule, na wengi wamebishana, lakini hesabu yake ilieleweka.

Matokeo yake ni kwamba Jumapili ya kushinda ndani ya Bara ilijengwa kwa sikio. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na kila kitu: vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi, Mama na Mwana kwa watoto, taarabu, dansi, mpira. Na redio ina ustaarabu mmoja ambao hakuna kifaa kingine kimeupata mpaka leo: haikuombi macho. Mama anaweza kudarizi shuka, kushona kwa cherehani ya Singer au Butterfly, kuchambua mchele na kusuka nywele za mtoto, na asipitwe na neno.

Kufuma nako kulitoka mbali. Huko Ireland, miaka ya njaa kuu ya viazi iliyoanza 1845, masista waliwafundisha familia maskini kufuma lesi za krosheti ili wapate pesa ya chakula. Baadaye shule za misheni zikaleta sindano na nyuzi Afrika, zikawafundisha wasichana kama sehemu ya kuwa mama wa nyumbani mwenye adabu. Baada ya Uhuru mafunzo yakaendelea kwenye vikundi vya akina mama, na shuleni kukawa na Sayansi Kimu. Wasichana walifundishwa usafi na mapambo. Kilichokuja kutokea ni biashara.

Maana mambo yaliharibika. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliisha, nchi ikaambiwa ifunge mkanda, na mkanda ukafungwa kweli. Sukari foleni, sabuni foleni, nguo foleni. Nyuzi zikawa adimu kama vingine vyote, na sweta lililochoka halikutupwa, lilifumuliwa likafumwa upya. Mshahara wa baba ulibaki na jina tu. Hapo ndipo vitu vilivyofanyika nyumbani kimyakimya, maandazi, ubuyu, barafu, vitambaa, vilipoanza kulisha nyumba.

Mwaka 1984 serikali ikalegeza, mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuleta bidhaa. Mwaka uliofuata akaingia Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa mwenyewe. Na hapa kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui: Bara watu walikuwa na TV kabla ya kuwa na kituo cha TV. Seti ziliingia na deki, kanda za VHS zikazunguka, na vibanda vya video vikaanza kukusanya viingilio. TV ilikuwa ya kuangalizia mkanda wa harusi, filamu za Kihindi na za karate. Waliokuwa Dar karibu na bahari, wenye seti na antena ndefu, walijaribu kuinasa TVZ kutoka ng'ambo.

Sheria ya utangazaji ikapita 1993, na 1994 mambo yakafunguka: CTN, DTV, ITV. Ghafla kuna picha hewani kila siku. Televisheni ya taifa ilikuja baada ya hizo za watu binafsi, si kabla, kitu ambacho ukiwaambia watu wa nchi nyingine wanakushangaa.

Hapo sasa ndipo TV chogo inapotawala sebule.

Kwa waliozaliwa na flati: TV chogo ni ile yenye kisogo kirefu nyuma, nzito, inabebwa na watu wawili huku wa tatu anapiga kelele "taratibu!" Juu yake palikuwa tambarare, pana kama meza ndogo. Na sebule ya Kiswahili haiachi meza bila kitambaa. Basi kikafumwa cha TV, chenye ncha inayoning'inia mbele kidogo, juu yake maua ya plastiki au picha ya harusi. Usiku matangazo yakiisha TV nzima inafunikwa kama mtoto. Mafundi walilalamika, maana yale matundu ya kutolea joto yalizibwa na kifaa kikaungua kwa mapenzi. Hakuna aliyewasikiliza.

Mtaa mzima ungekuta seti mbili au tatu, na mwenye TV alikuwa na madaraka kuliko mjumbe wa nyumba kumi. Watoto waliambiwa waoshe miguu. Wengine walitozwa sarafu. Walikaa chini kwenye sakafu, makochi yana wenyewe, na muda wa kula ukifika mlango ulifungwa, wakabaki dirishani wakigombania pazia. Picha ikileta chenga, mmoja anatumwa nje kuzungusha mti wa antena, na mazungumzo yanaanza: bado, bado, hapo hapo, umepitiliza, rudisha!

Mama wa nyumba hiyo alikuwa wapi? Pembeni, ana sindano yake ya ndoano na uzi mweupe kwenye mfuko wa rambo. Angalia alichopoteza na alichobakiza. TV ilidai macho, na kudarizi kunataka macho, kwa hiyo kudarizi kukarudi nyuma. Kufuma hakutaki. Vidole vikishazoea vinahesabu vyenyewe, macho yako kwa Kaole au Mambo Hayo pale ITV, au kwa Isidingo ya Afrika Kusini iliyowaweka watu ndani jioni kuliko mvua. Kitambaa kilipona kwa sababu kiliweza kufumwa bila kutazamwa. Labda ndiyo maana nyumba za miaka ile zilijaa vitambaa kuliko kitu kingine chochote.

Na vilijaa kwa sababu viliuzika. Miaka hiyohiyo ya 1990 mashirika ya umma yalikuwa yanabinafsishwa, wafanyakazi wanapunguzwa, baba anarudi nyumbani na barua. Seti kamili ya makochi ilikuwa na vipande vingi: vya migongo, vya mikono, cha meza, cha redio, cha friji kama lipo, cha TV. Mteja alichukua kwa mali kauli, akalipa kidogokidogo mwisho wa mwezi. Pesa iliingia kwenye mchezo, mchezo ukitoka unalipa ada, kwa sababu ada ya shule ya msingi ilikuwa bado ipo, ilikuja kufutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ndani ya nyumba ile watu walidhani mama anaangalia TV. Ukweli ni kwamba alikuwa kazini, zamu ya jioni, bila bosi na bila siku ya kupumzika. Mgao wa umeme ukija, kama ule wa 2006, TV inazima na kila mtu analalamika. Yeye anasogea mlangoni kwenye mwanga anaendelea.

Watoto nao walikuwa na miradi yao. Gari la waya lenye usukani mrefu, matairi ya ndala. Mpira wa makaratasi. Jumapili usiku ndipo mtu anakumbuka kwamba mwalimu wa Stadi za Kazi anataka ufagio kesho asubuhi, na nyumba nzima inageuka karakana huku mchezo wa TV ukiendelea.

Mwisho wa chogo unaweza kuupa tarehe. Usiku wa 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, Tanzania ikawa ya kwanza Afrika Mashariki, na miji mingine ikafuata 2013. Asiyekuwa na king'amuzi aliamkia mwaka mpya na skrini tupu. Kwa muda king'amuzi kilikalia juu ya chogo, juu ya kitambaa kilekile, maua yakasogezwa pembeni. Halafu flati zikashuka bei, TV ikapanda ukutani, na kile kitambaa kikakosa pa kukaa. Hakikupigwa marufuku na mtu. Kilikosa tu sehemu tambarare. Cha kochi kilidumu zaidi, na nyumba nyingi za wazazi bado kipo, kinachomekwa upya kila mgeni akiinuka.

Ukipita kwa mafundi utakuta machogo yamepangwa mpaka darini, yanasubiri kuchokolewa spea. Vitambaa vingi viko sandukuni, vimekunjwa na nondo. Na ufundi wenyewe umerudi mjini kwa jina la krosheti, kwa mfumo wa vitopu, vikofia na mabegi, bei yake ukiitaja mbele ya bibi anakaa chini. Mishono ni ileile. Binti akimpelekea kitopu chake akikague, bibi anakigeuza, anahesabu safu kwa kidole gumba, anakubali kwamba kazi ni safi, kisha anauliza hiki kimebaki kufumwa wapi, au uzi uliisha.