Mistari inayofichua pembe ya ndovu

Pembe ya ndovu kwa hakika ni jino. Juni 2014, polisi walinasa zaidi ya tani mbili za pembe hizo kisiwani Mombasa. Pembe nzima hutambulika kwa macho. Iliyochongwa kuwa shanga huhitaji uchunguzi. Mkataba wa CITES unazuia biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu, lakini haumgusi mamothi, jamaa wa ndovu aliyetoweka miaka ipatayo 4,000 iliyopita. Hapo ndipo mlanguzi hujificha.

Wataalamu huchunguza mistari ya Schreger, inayopishana pembe inapokatwa kukingama. Karibu na ukingo wa nje, ya ndovu hukutana kwa wastani wa zaidi ya nyuzi 100. Ya mamothi, chini ya 100. Jino la kiboko halina mistari hiyo. Shaka ikibaki, DNA huamua.