Malipo ya Matibabu na Nyumba za Wakulima wa Mbeya na Iringa

Ugonjwa huleta taabu mbili. Ya kwanza ni maumivu ya mwili, nayo humwangukia mgonjwa. Ya pili ni gharama, nayo huiangukia nyumba nzima. Historia ya matibabu huandikwa kwa kawaida kuwa habari za madaktari, dawa na majengo, na ni nadra kuandikwa kuwa habari za mlipaji. Lakini katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, yaani Mbeya na Iringa, pamoja na Njombe iliyotengwa na Iringa mwaka 2012 na Songwe iliyotengwa na Mbeya mwaka 2016, habari za mlipaji zina mafunzo makubwa. Zaonyesha kuwa mkulima hakuumizwa na kiasi cha malipo peke yake. Aliumizwa pia, na pengine zaidi, na wakati aliotakiwa kulipa.

Nchi hizi zina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Mahindi huvunwa baada ya hapo, kwa hiyo fedha ya nyumba nyingi huingia katika miezi michache ya mwaka. Ugonjwa haufuati hesabu hiyo. Malaria husumbua mabondeni, kama Kyela na Usangu, wakati wa mvua, nao ndio wakati ghala linapopungua na jembe linapohitaji kila mkono. Mwenye nyumba akidaiwa fedha Februari, hudaiwa wakati ambao hana kitu ila mazao yasiyokomaa.

Katika desturi za zamani za Wahehe, Wabena, Wasangu na Wanyakyusa, mganga alilipwa kwa mali iliyokuwapo nyumbani: kuku, mbuzi, jembe, hata ng'ombe kwa tiba kubwa. Mara nyingi alipewa kitangulizi kidogo, na malipo makubwa yakangoja mgonjwa apone. Haifai kuusifu mpango huo kupita kiasi, maana tiba nyingine hazikufaa kitu, na ng'ombe mmoja ulikuwa utajiri wa miaka. Hata hivyo ulikuwa na busara moja: ulimpa mlipaji nafasi, na deni lake likawa deni la ukoo.

Wamisionari wa Kimoravian na wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891, na Wakatoliki wakaja Uhehe baadaye. Kazi zao zilizaa hospitali zilizojulikana mbali, kama Tosamaganga, Ilembula, Isoko na Mbozi. Huko wagonjwa walitozwa ada ndogo. Hospitali za serikali ya Kiingereza hazikumtoza Mwafrika wa kawaida kitu kikubwa, lakini zilikuwa chache na mbali. Gharama yake ilikuwa njia yenyewe, pamoja na nguvu za watu waliombeba mgonjwa kwa machela wakayaacha mashamba yao. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari Waafrika wa nchi hiyo walikuwa 12 tu.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilijitwika mzigo huo. Zahanati zilijengwa vijijini, matibabu yakatolewa bila malipo, na sheria ya mwaka 1977 ikakataza utabibu wa kutafuta faida. Mkoani Iringa, kuanzia mwaka 1983, mpango wa lishe uliosaidiwa na Umoja wa Mataifa uliingia katika vijiji 168, na watoto wakapimwa uzito mbele ya wazazi na viongozi wa kijiji, ili udhaifu ujulikane kabla ya kuwa ugonjwa. Kazi hiyo ilistahili sifa. Lakini hazina ya taifa ilikuwa imekwisha kudhoofishwa na bei ya mafuta, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na kushuka kwa mapato ya mazao. Matibabu yalibaki bure kwa jina. Mgonjwa aliyeikuta zahanati tupu alilazimika kuitafuta dawa kwa fedha yake.

Mwaka 1993 serikali ilianza kuwatoza wagonjwa katika hospitali zake kubwa, na mpango huo ukaitwa uchangiaji. Wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wenye magonjwa kadhaa ya kudumu walisamehewa, na maskini nao waliahidiwa msamaha. Lakini maskini alitakiwa kuthibitisha umaskini wake kwa barua ya mtendaji, na hospitali iliyomsamehe ilipoteza mapato yake. Kwa hiyo haikuwa na sababu ya kumtafuta. Malipo ya papo kwa papo yakamkuta mkulima katika mwezi wake mbaya. Aliyekosa akiba aliuza mahindi yakiwa bado shambani, au mbuzi, au alikopa. Na aliyeuza mahindi mabichi alinunua chakula kwa bei kubwa baadaye. Hivyo homa ya siku saba iliweza kuleta njaa ya miezi.

Ukimwi ulidhihirisha jambo hili kuliko ugonjwa mwingine wo wote. Uchunguzi wa taifa wa 2003 na 2004 ulionyesha kuwa Mbeya na Iringa ziliongoza Tanzania Bara, zaidi ya watu 13 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 mpaka 49 wakiwa na virusi. Dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Msaada huo uliokoa maisha mengi, ila nauli, chakula cha safari na siku za kazi zilizopotea zilibaki juu ya nyumba.

Sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii ya mwaka 2001 ilijaribu kuurekebisha wakati wa kulipa. Nyumba ililipa mara moja kwa mwaka, nayo serikali ikaongeza kiasi kama hicho, tele kwa tele. Mkulima aliweza kulipa baada ya mavuno na kutibiwa wakati wa mvua. Fikira hiyo ilikuwa njema, lakini kujiunga kulikuwa hiari, na mwanachama aliyekosa dawa zahanati aliona amelipa mara mbili. Mwaka 2018 mfuko ulipangwa upya kwa shilingi 30,000 kwa watu sita, na mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Sheria hiyo itapimwa kwa mambo yaliyokwisha kuonekana: kama mchango utadaiwa mkulima akiwa na mavuno, kama asiye na mavuno atalipiwa bila kudhalilishwa, na kama dawa itakuwapo siku mgonjwa atakapoifuata. Yakikosekana hayo, kadi itakuwa mkononi, na mahindi mabichi yataendelea kuuzwa.