Kuishi na athari za kiharusi

Kuishi na athari za kiharusi ni hali ya mtu aliyenusurika na kiharusi lakini akabaki na upungufu katika viungo, usemi, kumeza, kumbukumbu au hisia. Makala hii inaeleza athari hizo na hatua ambazo mgonjwa, familia yake na wahudumu wa afya huchukua ili aweze kujitegemea tena kadiri inavyowezekana. Kazi hiyo kwa jumla huitwa utengamao. Huanza hospitalini, lakini sehemu yake kubwa hufanyika nyumbani, na inaweza kuendelea kwa miezi au miaka.

Kiharusi hutokea damu inaposhindwa kufika katika sehemu fulani ya ubongo. Kuna aina kuu mbili. Ya kwanza, iliyo ya kawaida zaidi, husababishwa na donge la damu kuziba mshipa. Ya pili husababishwa na mshipa kupasuka na damu kuvuja ndani ya ubongo. Aina hii ya pili huonekana Afrika kwa kiwango kikubwa kuliko katika nchi tajiri, hasa kwa sababu watu wengi wana shinikizo la juu la damu lisilotibiwa. Picha ya CT-skani ndiyo njia ya kawaida ya kutofautisha aina hizo mbili. Dalili za nje pekee hazitoshi.

Ukubwa wa tatizo Afrika Mashariki

Utafiti uliofanywa Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006 ulihesabu viharusi vipya katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na katika sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na takriban viharusi 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam takriban 316. Kiwango hicho cha Dar es Salaam kilikuwa juu kuliko cha nchi nyingi zilizoendelea.

Utafiti mwingine katika maeneo hayohayo, uliochapishwa mwaka 2008, uliuliza watu wanaelewaje ugonjwa huu. Dar es Salaam wengi waliuhusisha na majini au uchawi, wakati Hai wengi zaidi walitaja shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na msongo wa mawazo. Imani hizo zina matokeo katika maisha ya mgonjwa, kwa kuwa huamua apelekwe wapi kwanza, na kama familia itaendelea kumpa vidonge vya shinikizo baada ya kurudi nyumbani. Familia nyingi hutumia tiba za aina zote mbili. Hatari kubwa ni pale dawa za hospitali zinapoachwa.

Athari kuu

Athari hutegemea sehemu ya ubongo iliyoumia. Nusu ya kushoto ya ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili, na nusu ya kulia huongoza upande wa kushoto. Athari zinazoonekana mara nyingi ni hizi:

- Kupooza au udhaifu wa mkono, mguu na uso wa upande mmoja.
- Misuli kukaza, hasa vidole, kiwiko na kifundo cha mguu.
- Kupungua kwa hisia za mguso, joto na maumivu.
- Shida ya kumeza.
- Afasia, yaani kushindwa kutamka au kuelewa maneno. Kwa watu wengi hutokana na jeraha la upande wa kushoto wa ubongo.
- Kupuuza upande mmoja, mara nyingi wa kushoto: mgonjwa hula chakula cha nusu moja ya sahani na kuacha kingine, au hugonga mlango kwa bega la kushoto, ingawa macho yake ni mazima.
- Kushindwa kuzuia mkojo au choo.
- Uchovu mkubwa usiolingana na kazi iliyofanywa.
- Sonona, hofu, hasira za ghafla, au kulia na kucheka bila kukusudia.

Baadhi ya athari hizi hazionekani kwa macho. Mtu anayetembea vizuri anaweza kudhaniwa amepona kabisa, kumbe hawezi kufuata mazungumzo ya watu wengi au kuhesabu chenji sokoni.

Jinsi nafuu inavyopatikana

Seli za ubongo zilizokufa hazirudi. Hata hivyo, sehemu nzima za ubongo zinaweza kujifunza upya baadhi ya kazi zilizopotea. Mafunzo hayo yanahitaji kurudia tendo lenyewe mara nyingi: anayetaka kusimama afanye mazoezi ya kusimama, anayetaka kushika kikombe ashike kikombe. Kumkanda mgonjwa aliyelala kunaweza kumpa faraja na kulegeza misuli, lakini peke yake hakuufundishi ubongo tendo.

Nafuu huja kwa kasi zaidi katika miezi 3 ya kwanza. Baadaye kasi hupungua, lakini haikomi kwa tarehe maalumu. Wapo wanaoendelea kupata uwezo mpya baada ya mwaka au zaidi.

Kuanza mapema ni vizuri, ila si kwa pupa. Utafiti wa kimataifa uitwao AVERT, uliochapishwa mwaka 2015 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 2,000, ulionyesha kwamba kumwinua mgonjwa mara nyingi na kwa muda mrefu ndani ya saa 24 za kwanza kulipunguza uwezekano wa matokeo mazuri. Vipindi vifupi vinavyoongezwa polepole vilikuwa salama zaidi.

Wataalamu wanaohusika ni wa fiziotherapia, wa tiba kwa vitendo, na wa tiba ya usemi. Hawa wa mwisho ni wachache sana Afrika Mashariki, hivyo kazi yao mara nyingi hufanywa na wauguzi na jamaa.

Mkono na bega

Bega la upande uliopooza hushikiliwa na misuli iliyolegea, kwa hiyo hutoka mahali pake kwa urahisi. Kosa la kawaida nyumbani ni kumwinua mgonjwa kwa kumvuta mkono au kumshika kwapani. Kufanya hivyo huleta maumivu ya bega yanayoweza kudumu kwa miezi na kuzuia mazoezi yote ya mkono. Njia salama ni kumshika kiunoni au kwenye mkanda imara aliofungwa kiunoni, huku miguu yake ikiwa imekanyaga chini. Anapokaa, mkono uwekwe juu ya mto au meza badala ya kuning'inia.

Vidole vinyooshwe taratibu kila siku ili visijikunje moja kwa moja. Kwa kuwa hisia hupungua, maji ya kuoga yapimwe kwa mkono mzima au na mtu mwingine. Wagonjwa huungua bila kujua kwa maji ya moto, chupa za kukandia na jiko la mkaa.

Kwa wagonjwa wanaoweza kusogeza kiganja na vidole kidogo, ipo njia ya kuufunga mkono mzima ndani ya glovu nene kwa sehemu kubwa ya mchana ili mkono dhaifu ulazimike kufanya kazi. Jaribio lililofanyika Marekani, liitwalo EXCITE na kuchapishwa mwaka 2006, lilionyesha kwamba wiki 2 za mazoezi ya namna hiyo ziliongeza matumizi ya mkono dhaifu.

Kusimama, kutembea na choo

Hatua huenda kwa mpangilio: kugeuka kitandani, kukaa ukingoni mwa kitanda, kusimama kwa kushikilia, kisha kutembea. Fimbo hushikwa kwa mkono mzima. Katika kupanda ngazi hutangulia mguu mzima, na katika kushuka hutangulia mguu dhaifu.

Nyumba ipunguzwe hatari za kuanguka kwa kuondoa mikeka inayoteleza, kuweka taa njia ya chooni na kufunga ubao wa kushikilia ukutani. Choo cha kuchuchumaa ni kikwazo kikubwa. Kiti cha mbao chenye tundu katikati, kilichotengenezwa na seremala na kuwekwa juu ya shimo, humwezesha mgonjwa kujisitiri mwenyewe. Kwa wengi jambo hili huwarudishia heshima kuliko hata kutembea.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe takriban kila saa 2, na ngozi ya makalio, nyonga na visigino ikaguliwe kila siku. Wekundu au weusi usiofutika ni dalili ya mwanzo ya kidonda cha mgandamizo. Shuka likauke na lisiwe na mikunjo.

Kula na kumeza

Chakula au kinywaji kinachoingia katika njia ya hewa husababisha nimonia, ambayo ni miongoni mwa sababu kuu za vifo katika wiki za kwanza. Kwa hiyo mgonjwa asipewe kitu mdomoni kabla mhudumu wa afya hajapima umezaji wake. Dalili za hatari ni kukohoa wakati wa kula, sauti kuwa kama ya mtu mwenye maji kooni, na chakula kubaki shavuni.

Mgonjwa alishwe akiwa amekaa wima, kijiko kidogo kwa kila tonge, na abaki amekaa kwa nusu saa baada ya kula. Maji matupu huponyoka kooni kwa urahisi kuliko uji mzito, hivyo wengine hushauriwa kutumia vinywaji vizito kwa muda. Kinywa kisafishwe kila siku, hata kama mgonjwa hali kwa mdomo.

Usemi

Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyeelewa maneno lakini aliweza kutamka silabi moja tu. Jeraha lilikuwa katika sehemu ya mbele ya ubongo upande wa kushoto. Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke alieleza aina nyingine, ambayo mgonjwa husema kwa ufasaha maneno yasiyo na maana na hushindwa kuelewa wengine.

Afasia si upungufu wa akili. Mgonjwa anaweza kuelewa yote yanayosemwa mbele yake, pamoja na yale ambayo watu wanadhani hayasikii. Inasaidia kuzungumza naye kwa sentensi fupi, mtu mmoja kwa wakati, kumwuliza maswali ya ndiyo au hapana, kumwonyesha kitu chenyewe, na kumpa muda wa kujibu bila kummalizia maneno. Wengine wasioweza kusema huweza kuimba wimbo waliouzoea, kuhesabu au kusali sala waliyoijua tangu utotoni. Kwa wanaojua lugha zaidi ya moja, kama Kiswahili na lugha ya mama, lugha zote zinaweza kurudi pamoja au mojawapo ikatangulia; familia itumie ile inayojibiwa vizuri zaidi.

Hisia, ndoa na kazi

Takriban theluthi moja ya walionusurika hupata sonona. Huonekana kama uvivu wa mazoezi, kukataa chakula au kukosa usingizi, na mara nyingi hudhaniwa ni ukaidi. Sonona hutibika kwa ushauri na dawa, na isipotibiwa hurudisha nyuma utengamao wote.

Tendo la ndoa kwa kawaida linaweza kurejewa hali ya mgonjwa ikitulia; mwenye shida au hofu amwulize daktari, kwa kuwa baadhi ya dawa huathiri uwezo huo. Kuendesha gari au pikipiki kusubiri ruhusa ya daktari. Nchini Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi katika ajira.

Kuzuia kiharusi cha pili

Aliyepata kiharusi yumo katika hatari kubwa ya kupata kingine. Shinikizo la juu la damu ndilo kisababishi kikuu kinachoweza kuzuiwa. Utafiti wa PROGRESS, uliochapishwa mwaka 2001 na kuhusisha watu 6,105, ulionyesha kwamba dawa za kushusha shinikizo zilipunguza viharusi vya marudio kwa asilimia 28. Dawa hizo hunywewa kila siku, hata mtu anapojisikia mzima, kwa kuwa shinikizo la damu kwa kawaida halina dalili. Anayetaka kufunga katika mwezi wa Ramadhani au kwa sababu nyingine apange upya saa za dawa pamoja na daktari.

Aspirini huwafaa wengi waliozibwa na donge la damu, lakini inaweza kumdhuru aliyevuja damu, hivyo isinunuliwe dukani bila ushauri. Mengine yanayosaidia ni kuacha sigara, kupunguza pombe, kudhibiti kisukari na kutumia chumvi chini ya gramu 5 kwa siku.

Uso kupinda ghafla, mkono kuishiwa nguvu au usemi kuvurugika ni dharura, hata dalili zikiisha baada ya dakika chache. Dawa ya kuyeyusha donge, mahali inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza.

Mtunzaji

Kazi ya kutunza mara nyingi humwangukia mke, binti au mkwe, na huweza kumfanya aache biashara, shamba au masomo. Jaribio la ATTEND lililofanyika India na kuchapishwa mwaka 2017 lilifundisha familia za wagonjwa mazoezi ya kufanya nyumbani. Baada ya miezi 6 halikupunguza vifo wala utegemezi likilinganishwa na huduma ya kawaida. Matokeo hayo hayaondoi thamani ya msaada wa familia, bali yanaonyesha kwamba hautoshi kuwa mbadala wa wataalamu. Mtunzaji anahitaji zamu, usingizi na mtu wa kumsaidia kuinua.

Mifano ya watu mashuhuri

Mwanasayansi Louis Pasteur wa Ufaransa alipata kiharusi mwaka 1868 kilichodhoofisha upande wake wa kushoto. Chanjo ya kichaa cha mbwa aliitumia kwa binadamu mwaka 1885. Mshairi Tomas Tranströmer wa Sweden alipata kiharusi mwaka 1990 kilichomwachia afasia na udhaifu wa upande wa kulia. Aliendelea kuchapisha mashairi na kupiga piano kwa mkono wa kushoto, na mwaka 2011 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Siku ya Kiharusi Duniani huadhimishwa kila tarehe 29 Oktoba.

Tazama pia

- Shinikizo la damu
- Ubongo
- Kisukari
- Ulemavu