Vijiji vya Palestina Vilivyobaki Vitabuni
Kati ya mwisho wa 1947 na 1949, katika vita vilivyoambatana na kuundwa kwa Israel, Wapalestina zaidi ya 700,000 walifukuzwa au walikimbia makwao. Vijiji zaidi ya 400 vilibaki bila wenyewe. Vingi vilibomolewa, na juu ya baadhi yake ikapandwa misitu ya misonobari. Maafa hayo huitwa Nakba.

Katika kambi za wakimbizi, watu wa kijiji kimoja mara nyingi walikaa pamoja, na mitaa ikaitwa kwa majina ya walikotoka. Funguo za nyumba na hati za ardhi zilirithishwa. Mtoto aliyezaliwa Lebanon au Gaza alijifunza kutaja kijiji cha babu yake kuwa ndiko kwao.

Wazee walipoanza kufariki, simulizi ziliandikwa. Katika miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Birzeit kilianza kutoa vitabu kuhusu vijiji vilivyobomolewa, na wakimbizi wenyewe, wengi wao wasio wanahistoria, wakaandika vyao. Humo mna ramani zilizochorwa kwa kumbukumbu, nasaba za koo, majina ya visima na ya mashamba ya mizeituni. Ni kazi ya thamani kubwa, kwa kuwa majina hayo yalifutwa kwenye ramani mpya.

Kumbukumbu hiyo imegusa siasa pia: mwaka 2011 bunge la Israel liliruhusu kupunguzwa kwa fedha za taasisi za umma zinazoadhimisha siku ya uhuru wa nchi hiyo kama siku ya maombolezo. Hata hivyo, maadhimisho ya Nakba, kila 15 Mei, yanaendelea. Azimio 194 la Umoja wa Mataifa la Desemba 1948, kuhusu wakimbizi kurejea makwao, bado halijatekelezwa.