Tembe za vitamini: nani hasa azihitaji?

Sisi wa Pwani tukisikia Embu akili yakimbilia muguka, na Meru ni miraa. Lakini Embu pia ndiko kulikofanywa jaribio la chakula cha watoto ambalo kila mzazi angefaa kulijua kabla ya kuingia duka la dawa.

Dada yangu mdogo ameolewa Meru. Mwaka jana nilipomzuru alinitolea chupa ya tembe za vitamini. "Kaka, hizi zitamwongezea mtoto akili?" Mtoto mwenyewe ana miaka minane, mzima, chakula chake kikubwa githeri. Pesa za chupa ile zingemnunulia maziwa ya wiki kadhaa.

Basi nilimweleza habari ya Kyeni Kusini, Embu. Kati ya 1998 na 2000, watafiti wakiongozwa na Profesa Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waligawa shule 12 za msingi katika mafungu. Watoto wa fungu moja walipewa githeri yenye nyama, wengine githeri na glasi ya maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na wengine hawakupewa kitu. Mwanzoni wengi walikuwa na upungufu wa vitamini B12, ambayo haimo katika mahindi wala maharagwe. Hupatikana katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Walipopimwa tena, B12 ilikuwa imepanda kwa waliokula nyama na waliokunywa maziwa. Na katika mtihani wa kufikiri, waliokula nyama ndio waliofanya vizuri zaidi. Wale wa mafuta walipata nguvu sawa ya chakula lakini hawakuwafikia.

Kwa hiyo kwa mtoto kama yule, maziwa au yai laweza kuziba pengo bila chupa. Unga wa mahindi wa pakiti nao, tangu 2012, sheria yataka uongezwe vitamini na madini. Ule tunaosagisha kwenye mashine ya mtaani kwa kawaida hauna nyongeza hiyo.

Wapo lakini watu ambao tembe kwao si anasa. Wa kwanza ni mjamzito. Kliniki za serikali humpa bure tembe moja ya kila siku yenye miligramu 60 za madini ya chuma na maikrogramu 400 za asidi ya foliki, hadi ajifungue. Chuma humkinga na upungufu wa damu. Asidi ya foliki hupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi, na kwa kuwa uti wa mgongo hujifunga katika mwezi wa kwanza, wakati wengi hawajajijua kuwa wana mimba, ni bora kuanza kabla ya kushika mimba. Wengi huziacha kwa sababu zinachafua moyo na choo huwa cheusi. Weusi huo hauna madhara. Kichefuchefu hupungua ukizimeza baada ya chakula, au usiku wakati wa kulala. Usizimeze na chai, maana chai huzuia chuma kuingia mwilini, na Meru chai haikauki mezani.

Wa pili ni mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, ambaye hupewa matone ya vitamini A kila miezi sita. Angalia kitabu chake cha kliniki.

Wengine ni wazee na wagonjwa wa sukari waliotumia metformin miaka mingi, ambao B12 yao yaweza kushuka. Wanaotumia isoniazid ya kifua kikuu, ambao huongezewa B6. Na asiyepata jua, pamoja na mama zetu wanaojisitiri na kushinda ndani, ambaye aweza kupungukiwa na vitamini D. Hao waulize wapimwe.

Na tembe zaweza kudhuru. Vitamini A nyingi humdhuru mtoto aliye tumboni. Kule Finland, utafiti uliotolewa 1994 ulionyesha wavuta sigara waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao.

Dada yangu naye alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Tembe zake za kliniki zilikuwa kwenye droo, hazijaguswa. Tulizitoa, akaanza usiku ule ule, kisha tukazihamishia juu ya kabati, kwani mtoto mdogo akimeza tembe nyingi za chuma aweza kufa.