Bethania, au al-Eizariya

Bethania, kijiji kilichokuwa ubavuni mwa Mlima wa Mizeituni upande wa mashariki, masafa ya stadia 15 tu kutoka Yerusalemu kama asemavyo Yohana, yaani takriban kilomita 3, kilijaliwa hadhi ambayo miji mingi yenye ngome na masoko haikuipata. Kwani humo walikaa Martha na Mariamu, humo ndugu yao Lazaro, aliyekwisha kuwa maiti siku nne, alitoka kaburini angali na sanda mikononi na miguuni, na humo marhamu ya nardo, iliyokadiriwa thamani ya dinari 300, ilimiminwa miguuni pa Yesu.

Mahujaji wa karne ya 4 walikwisha kupaita Lazarion, mahali pa Lazaro, na jina hilo, katika vinywa vya Waarabu, likawa al-Eizariya, ndilo litumikalo hata leo. Kijiji kuliacha jina lake kikatwaa la mtu wake, naona ni taadhima isiyo kifani. Basi, msomaji, ukilikuta al-Eizariya katika ramani, tambua kuwa ndiyo Bethania yenyewe.