Nani Ana Haki ya Kubadili Faili?

Timu ya TEHAMA inapoamua kupanga faili zake za pamoja, mjadala huanzia kwenye majina ya folda: tupange kwa miradi, kwa wateja au kwa miaka? Historia ya kazi hii inaonyesha kwamba swali zito tangu mwanzo lilikuwa jingine, yaani nani anaruhusiwa kubadili nini. Novemba 1961, huko MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha CTSS, mfumo ulioiwezesha kompyuta moja kuhudumia watu kadhaa kwa wakati mmoja. Kila mtumiaji alikuwa na orodha yake ya faili, na ilidhaniwa kwamba orodha moja ingeshughulikiwa na mtu mmoja tu kwa wakati. Baadaye wasimamizi wa mfumo walilegezewa sharti hilo. Siku moja wawili kati yao walikuwa kazini pamoja, mmoja akihariri tangazo la siku, mwingine akihariri faili la nywila. Programu ya kuhariri ilihifadhi kazi za wote wawili katika faili la muda lenye jina lilelile. Matokeo yake, kila aliyeingia kwenye mfumo alichapiwa nywila za watumiaji wote badala ya tangazo. Hakuna folda iliyokuwa na jina baya pale. Kilichokosekana ni utaratibu wa watu wawili kugusa mahali pamoja.

Multics, mradi uliofuata, ulijibu kwa mti wa folda ndani ya folda, na kila faili likawa na orodha ya wanaoruhusiwa kulitumia. Unix, iliyoanza Bell Labs mwaka 1969, ilirahisisha mambo: mwenye faili, kikundi chake, na watu wengine, kila upande na ruhusa zake za kusoma, kuandika na kuendesha. Naona urahisi huo ndio uliodumisha mpango wenyewe, kwa kuwa ruhusa ambazo fundi hawezi kuzieleza kwa kichwa hazisimamiwi na mtu.

Wapo wasemao kwamba siku hizi utafutaji umeondoa haja ya folda: andika neno, faili linakuja. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake, nakubali. Lakini utafutaji ukileta nakala tano za mwongozo mmoja wa seva, hausemi ipi imeidhinishwa wala nani anaihariri sasa hivi. Masjala za serikali zililijibu swali hilo la pili kwa daftari la kuandika jalada limechukuliwa na nani. Marc Rochkind wa Bell Labs alielekea hukohuko alipobuni SCCS, mfumo wa kutunza matoleo ya faili, mwaka 1972: katika SCCS ya Unix, anayechukua faili ili alibadili huandikwa jina, na mwenzake anayelitaka toleo hilohilo kwa kuhariri huzuiwa mpaka lirudishwe.